Mashuka Yanataka Watu Wawili

Siku serikali ilipotangaza mambo yake matatu kwa mpigo, wifi yangu alikuwa amekaa uani anakata kucha za miguu, na mimi nachambua maharage. Redio ilikuwa dirishani. Mtangazaji akasema kima cha chini cha mshahara kinapanda, pensheni za wastaafu zinaongezwa, na wazee wasio na pensheni yoyote sasa watapewa posho kila mwezi, kila mzee kwa jina lake.

Wifi akainua kichwa. "Umesikia, wifi? Nimeongezewa!"

Mimi nilikuwa nimesikia lile la tatu tu. Kila mzee kwa jina lake. Nikaendelea kuchambua maharage, na nadhani mazima niliyatupa na mabovu nikayabakiza.

Niseme mapema, maana sipendi hadithi za kufichana. Pensheni anayopokea wifi tumeifanyia kazi watu wawili. Yeye ni dada wa marehemu mume wangu. Mume wake mwenyewe aliaga kwamba anakwenda kutafuta kazi nchi za mbali, na mpaka leo bado anatafuta. Tukabaki sisi wawili na watoto, nyumba moja, sufuria moja, na kwa miaka mingi sana, kazi moja.

Kazi ilikuwa kwenye kiwanda cha dobi. Tulikuwa tunafua mashuka ya mahoteli na ya hospitali, marundo kwa marundo, na chumba kizima kilinukia sabuni na wanga uliochemka. Harufu ile ilikuwa inaingia mpaka kwenye mkate wa chakula cha mchana. Wakati ule nilikuwa nailaani. Siku hizi nikipita mahali mtu anapiga pasi nguo yenye unyevu, nasimama kidogo, najifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Wifi ndiye aliyenipeleka pale. Tulikuwa wanawake wa kujaza chumba, na msimamizi wetu tulimwita Saa Mbovu, kwa sababu saa yake haikuwahi kufika muda wa kutoka. Basi siku moja serikali ikapandisha kima cha chini cha mshahara. Ilikuwa mara ya kwanza sisi kusikia kwamba kuna kima. Tulipiga vigelegele, mmoja wetu akapanda juu ya kapu la foronya akacheza mpaka kapu likapasuka. Saa Mbovu alisimama mlangoni mikono nyuma. "Chezeni," akasema. "Chezeni tu."

Mwezi haukuisha. Mwenye kiwanda akatangaza kwamba mshahara mpya hawezi kuwalipa wote, kwa hiyo watabaki wale waliotangulia kuajiriwa. Wifi alikuwa wa zamani. Mimi nilikuwa nimeingia juzi. Kima cha chini kikapanda, mimi nikashuka. Nikarudi nyumbani na mtoto mgongoni, msiba wa mume wangu haujapoa, nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni.

Jioni wifi akaingia. Hakunipa pole. Alivua aproni yake ya kazi akanirushia mapajani.

"Kesho unaanza wewe," akasema. "Asubuhi yako, mchana wangu. Anayebaki nyumbani anakaa na watoto."

"Na Saa Mbovu?"

"Saa Mbovu anahesabu mikono. Sura zetu anazijulia wapi?"

Maneno hayo aliyasema mtu ambaye wakati ule alikuwa na mwili wa kujaza mlango, akimwambia mtu ambaye upepo ulikuwa unamwonea huruma. Aproni ilinizunguka karibu mara mbili. Tuliibana kwa pini mgongoni, na kwenda zamu yangu nikaenda. Saa Mbovu akaita jina la wifi. Nikaitika. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akachukua muda wake.

"Naona umekonda tangu jana," akasema.

"Mawazo, bwana."

Akaondoka zake, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Hakuuliza tena, mpaka alipokufa. Watu walisema ana roho nzuri, na huenda ilikuwa kweli, lakini pia alikuwa anajua hesabu zake. Siku ya mashuka makubwa tulikwenda wote wawili, kwa mshahara ule ule mmoja, kwa sababu shuka kubwa haliwezi kukunjwa na mtu mmoja likanyooka. Mashuka yanataka watu wawili. Saa Mbovu alipata mikono minne kwa bei ya miwili, na sisi tukapata siku ya kuwa pamoja, kwa hiyo kila mtu alinyamaza na lake.

Na siku hizo za mashuka, nitazikumbuka mpaka mnifukie. Mashine zilikuwa zinanguruma hivi kwamba hata ukipiga kelele mwenzako anaona mdomo tu. Sisi tulikuwa tunaongea kwa shuka. Wawili mmesimama, huyu huku na huyu kule, shuka katikati. Ukivuta mara mbili haraka haraka, maana yake nina umbea, nitakupa wakati wa kula. Ukilitikisa kidogo, maana yake nimechoka, tupunguze mwendo. Na mvuto mmoja mrefu wa polepole maana yake msimamizi yuko nyuma yako anakuangalia. Hapo unakaza uso utadhani uko mahakamani. Kila jozi ilikuwa na lugha yake. Wengine walikuwa wanatukanana kwa foronya, na wakitoka nje ugomvi unaendelea pale pale walipouachia.

Tulifanya hivyo mpaka watoto wakakua wakaenda kuishi kwao, na wifi akafika umri wa kustaafu. Mimi nikastaafu naye siku ile ile, maana jina likistaafu, wote mlio ndani yake mmestaafu.

Sasa nisije nikamsingizia mtu. Tangu siku ya kwanza ya pensheni, wifi akitoka kuipokea anaiweka mezani kando ya redio, anavua viatu, anasema, "Haya wifi, tupange." Hajawahi hata siku moja kusema yangu. Sijakosa chakula, sijakosa dawa, sijakosa hata pipi za kumumunya. Lakini fedha ya kupewa, hata upewe kwa mikono miwili, ni ya kupewa. Kuna siku tulipita dukani nikamwona anaangalia viatu vya wazi vya ngozi, vile laini, maana vidole vyake vimepinda kwa kusimama miaka yote ile. Aliviangalia, akavirudisha. Nilitaka kumnunulia. Nikawaza, nitamnunulia na nini? Nitachukua fedha yake nimnunulie zawadi, halafu anishukuru? Niliona aibu, na nilikasirika, na sikumwambia.

Kwa hiyo redio iliposema kila mzee kwa jina lake, nilitaka ile posho kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu niwe mjane. Nilijiona nimesimama kwenye dirisha la malipo, mtu anaita jina langu, langu mimi, na mimi naitika.

Aliyetukata maini ni jirani yetu fundi seremala, ambaye hapitwi na jambo. Alikwenda ofisi ya mtaa kuuliza habari za mama yake, akarudi na habari zetu.

"Posho ipo," akasema, "lakini kaya yenye mwenye pensheni haipewi. Mmoja akiwa na pensheni, wote mnahesabiwa mmeshiba."

"Na kaya wanaijuaje?" nikauliza.

"Afisa anakuja kuangalia. Jiko moja, kaya moja. Majiko mawili, kaya mbili. Wala haina ugumu."

Wifi alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini. "Basi tuachane."

"Tuachane?"

"Kwa macho ya serikali, wifi. Mbona unaruka kama unapewa talaka?"

Fundi alileta mbao siku ya pili. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule katikati, na chumba cha wifi kina mlango wake wa kutokea uani. Akagongelea ubao sebuleni kutoka ukuta hadi ukuta. Upande wangu ukabaki na meza, upande wake ukabaki na redio. Tukanunua jiko la pili. Fundi akasimama katikati ya uani, akatazama upande huu, akatazama upande ule, akasema, "Hata mimi ningedanganyika."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yetu ilikuwa na mashimo vilevile. Siku ya kwanza kila mmoja alipika chungu cha watu wawili, kwa sababu mikono haijui kupika pungufu. Ikabidi tubadilishane sahani dirishani. Chai yangu ilikuwa haina sukari ya kutosha, maana sukari siku zote anatia yeye. Asubuhi nilikuwa nagonga ubao, naye anagonga, ndipo najua ameamka salama. Sikupenda. Nilikaa na meza yangu nikisikiliza redio upande wa pili, na kila alipocheka na mtangazaji nilitaka kujua amechekea nini. Lakini nikajiambia vumilia, mama, afisa akishapita fundi ataung'oa ubao, na jina lako litakuwa limeshaingia.

Afisa wa ustawi alikuja mchana wa jua kali lenye mawingu pembeni. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, viatu vyake vimejaa vumbi la nyumba za watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, keti."

Akaketi barazani, akafungua mkoba, akauliza maswali yake. Nikajibu vizuri. Akaelekeza kalamu kwenye mlango wa pili.

"Na kule anakaa nani?"

"Jirani."

"Mna udugu?"

"Ni dada wa marehemu mume wangu. Lakini kila mtu na maisha yake."

Tulikuwa tumepatana wifi akae kimya ndani kwake. Ni mtu aliyewahi kukaa kimya? Alitoa kichwa mlangoni.

"Afisa! Nisikilize na mimi. Huyo mwanamke ni mchoyo hata wa chumvi! Ndiyo maana nikajitenga!"

Hapo mimi nikasahau kwamba tunaigiza. Mchoyo? Mimi? Mwanamke ambaye juzi nilimpa kipande cha nyama cha mwisho?

"Mchoyo ni wewe!" nikasema. "Redio umeifungia ndani kwako, hata habari sisikii!"

"Redio ni yangu!"

"Na meza ni yangu! Uandikie magotini!"

Afisa akainua mkono. "Basi, mama zangu, basi. Nimeelewa." Na kweli alikuwa ameelewa, maana niliona anatikisa kichwa kwa huzuni huku anaandika. Majiko mawili, milango miwili, na chuki ya kutosha. Akafunga mkoba. Akasimama. Nikawa nahesabu hatua zake kwenda getini.

Mvua ikaanguka. Haikuanza na manyunyu, ilikuja kwa matone makubwa ya kuumiza, na uani kwenye kamba lilikuwa limeanikwa shuka kubwa la kitanda, limekauka tayari.

Sijui niliinuka saa ngapi. Najua nilikuwa nimeshika pembe mbili na wifi ameshika pembe mbili, tumekimbilia chini ya paa la baraza, na tayari tumelikung'uta. Yeye huku, mimi kule. Tukakunja mara ya kwanza, tukatembea, tukakutana, akachukua pembe zangu, nikainama nikadaka kunjo la chini, tukarudi nyuma. Kitambaa kilinyooka katikati yetu hivi kwamba ungeweza kuweka kikombe cha chai juu yake. Nilisahau umri wangu. Nilisikia ile harufu, nakuapia, ya sabuni na wanga, na nilikuwa msichana mwenye aproni iliyobanwa na pini, na nilikuwa na furaha.

Ndipo wifi akalivuta. Mvuto mmoja, mrefu, wa polepole.

Nikakaza uso. Halafu nikakumbuka ni nani yuko nyuma yangu, na kwamba amekwisha kuona kila kitu, na kicheko kikanitoka kwa nguvu mpaka nikakaa chini barazani. Wifi naye akaegemea nguzo, machozi yanamtoka, shuka amelikumbatia lisiguse sakafu. Kila mmoja akimwangalia mwenzake anaanza upya.

Afisa alikuwa amesimama pale pale uani, mkoba kichwani kukinga mvua. Akarudi akaketi. Hakukasirika. Alisubiri tunyamaze.

"Majirani wasioelewana," akasema.

Tukajifuta machozi.

"Mlikuwa mnafanya kazi wapi?"

Wifi akamweleza. Alimweleza yote, kapu la foronya, Saa Mbovu, aproni, pini, asubuhi yangu na mchana wake. Mimi nilikuwa namkonyeza anyamaze, lakini huwezi kumfunga mdomo mtu aliyeukumbuka ujana wake. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, mvua inapiga bati. Kisha akaniambia mimi.

"Mama, mimi naandika nilichokikuta. Nimekuta ubao na majiko mawili. Naweza kuandika kaya mbili na nikaenda zangu. Lakini ofisi haitumi mtu mara moja tu. Watakuja wengine, kila mara, bila kubisha hodi mapema. Ubao huo hautang'oka tena. Mtakaa hivyo mpaka mwisho. Mtaweza?"

"Tutaweza," akasema wifi haraka.

Nikamtazama. Hakuwa anaigiza. Alijua siku zote. Sikumwambia habari za viatu wala za dirisha la malipo, na alijua, kama alivyojua siku ile niliyokaa kitandani na viatu miguuni. Alikuwa tayari kuzeeka upande wa pili wa ubao ili mimi niitwe jina.

Na mimi nilitaka kusema ndiyo. Sitajifanya mtakatifu. Ndiyo ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Ila nikautazama ule ubao kupitia mlangoni, nikawaza siku atakayogonga asubuhi na mimi nisijibu. Au nigonge mimi. Nani atafungua, na atapitia wapi?

"Hapana," nikasema. "Mimi sitaweza."

"Wifi, usiwe mjinga."

"Nimesema sitaweza. Chai yangu inakosa sukari."

Wifi akageuza uso ukutani, akajifanya anaweka shuka vizuri.

Afisa alichukua karatasi aliyokuwa ameandika, akaikunja, akatoa nyingine safi. "Basi kaya moja," akasema. "Posho haitatoka, mama. Pole."

"Nimeshapoa."

Sikuwa nimepoa.

"Mkuu wa kaya nani?" akauliza, na kabla hatujajibu akaanza kuandika, huku amemgeukia wifi. "Ni mwenye pensheni, nadhani. Jina lako, mama?"

"Siyo mimi," akasema wifi.

"Kwa kawaida anakuwa yule mwenye kipato."

"Nimekuambia siyo mimi. Jina langu limefanya kazi ya watu wawili tangu ujana wetu, limeitwa asubuhi, limeitwa mchana. Limechoka. Mkuu wa kaya ni huyu hapa. Andika lake."

Afisa akafuta. Akanigeukia mimi, kalamu juu ya karatasi.

Sikuweza kutamka. Wifi akaja akakaa kando yangu chini sakafuni, vidole vyake vilivyopinda vikiwa vimelowa mvua, akanigusa kwa kiwiko. "Sema, wifi. Mtu wa serikali anakungoja."

Nikalitaja jina langu. Nikataja la baba yangu, nikataja la babu yangu, polepole, ili asikosee, na yeye akaliandika mstari wa juu, kisha la wifi akaliandika chini yake. Nililia mbele ya mgeni kama mtoto, na wifi akanipa pembe ya lile shuka safi nijifute.